Mwanya wa Ukubwani

"Fundi, mwanya huu ulizaliwa nao au umekuja ukubwani?"

Swali lilitoka hata taa haijawashwa. Mgonjwa alikuwa bado anatafuta pa kuweka kofia yake. Akaduwaa, akacheka, na kicheko chenyewe kikajibu kabla yake, maana kilionyesha meno mawili ya mbele ya juu yaliyoachana kiasi cha kupitisha punje ya mchele. Umekuja, akasema. Haujatimiza miaka mitano. Mkewe ndiye aliyeuona kwanza, akamtania kwamba wenzake wanazeeka, yeye anazidi kupendeza.

Kwetu pwani mwanya ni sifa. Mtoto mwenye mwanya husifiwa tangu hajajua kusema, na wapo watu wazima wanaosikitika kimoyomoyo kwamba walinyimwa. Mwanamume wa miaka 52 akiota mwanya haoni sababu ya kwenda hospitali. Anaona sababu ya kutabasamu zaidi. Lakini jino la mtu mzima, likiwa limeshikwa na mfupa wake wote, kwa kawaida halihami kwa kusukumwa na ulimi wala mdomo. Likianza kutembea, mara nyingi kilicholishika kimepungua. Daktari alikuwa amekwisha kusoma nusu ya habari kwa macho, tangu mlangoni, na mgonjwa mwenyewe alikuwa amekuja kwa jambo jingine kabisa: gego la chini kushoto lililokuwa likinasa nyama.

Nilikuwa nimekaa kwenye stuli pembeni, kwa ruhusa ya wote wawili, katika chumba cha meno mjini Tanga. Nilikuwa na sababu yangu. Miaka kadhaa nyuma, mahali ambapo sitapataja, nilifunguliwa mdomo, kioo kikazungushwa mara moja kama mtu anayetafuta funguo chini ya kochi, nikaambiwa meno yangu safi, nikalipa. Mwaka uliofuata mtu mwingine alinipima kwa dakika karibu arobaini, akanionyesha mahali sita ambapo ufizi ulikuwa umeachana na jino. Nilitaka kujua dakika zile arobaini zilikwenda wapi.

Za kwanza zinakwenda katika kutazama, na kutazama kwenyewe kuna mtego. Vitabu vingi vya tiba ya meno viliandikwa Ulaya na Marekani, navyo humfundisha mwanafunzi kwamba ufizi mzima una rangi ya waridi na ulioumwa ni mwekundu. Ukiyabeba hayo kama yalivyo ukaja nayo huku, utapotea siku ya kwanza. Fizi zetu nyingi ni za kahawia, nyingine nyeusi, nyingine zina mabaka, na weusi huo ni rangi ya ngozi tu, ileile iliyo mkononi. Wekundu wa uvimbe hujificha chini yake kama doa la mchuzi kwenye kanga nyeusi. Kwa hiyo daktari huyu, mama wa makamo aliyezeekea kazini, haulizi rangi kwanza. Anatazama ukingo. Ufizi mzima huishia kwenye jino kwa ukingo mwembamba kama makali ya kisu, na kati ya jino na jino hupanda kwa ncha inayojaza nafasi. Ukianza kuugua, ukingo hunenepa na kuviringika, ncha zinakuwa butu. Kisha anapuliza hewa kidogo kukausha mate na kutazama ngozi ya ufizi. Ulio mzima mara nyingi huonyesha vitobo vidogovidogo kama ganda la chungwa. Uliojaa maji ya uvimbe huvipoteza, ukang'aa kama umepakwa mafuta.

"Lakini wapo ambao hawakuwahi kuwa navyo," alinionya huku hageuki. "Usimhukumu mtu kwa vitobo."

Upo ugonjwa wa fizi anaoutambua kwa pua kabla ya kioo: ule unaokula ncha za ufizi katikati ya meno zikabaki mashimo, wenye maumivu makali na harufu ambayo mtu akiikuta mara moja haisahau. Huo huwapata zaidi waliodhoofika, kwa lishe duni au kwa Virusi vya Ukimwi, na mgonjwa wake huja mwenyewe mbio. Wa fundi ni aina nyingine, ile ya kawaida, na sifa yake kubwa ni kwamba hauumi. Unaweza kukaa na mtu miaka ishirini, ukala mfupa wa taya polepole, na asikose usingizi hata usiku mmoja. Mtambuzi wake hana kilio cha mgonjwa cha kumwongoza. Lazima aende kuutafuta.

Akaanza kuuliza. Fundi ana cherehani yake barazani huko Ngamiani, anakaa kutwa. Dawa ya presha anatumia? Anatumia. Ipi? Hakumbuki jina, akaambiwa siku nyingine aje na paketi yenyewe, kwa kuwa zipo dawa za presha, nifedipini mojawapo, zinazoweza kuufanya ufizi uote na kufunika meno, kama ilivyo fenitoini kwa wenye kifafa. Usiku anaamka mara ngapi kwenda haja ndogo? Hapo fundi alinitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumweleza mkojo unahusianaje na gego. Kisukari na ugonjwa wa fizi hulishana: sukari isiyodhibitiwa huharakisha kuliwa kwa mfupa, na fizi zenye uvimbe nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Wapo watu waliogundua kisukari chao kwenye kiti cha meno. Na sigara?

"Niliacha Ramadhani iliyopita, mama. Na tangu niache ndipo damu ilipoanza kutoka nikipiga mswaki. Nilipokuwa navuta sikuwahi kuona hata tone."

Alisema kama mtu aliyetii akaadhibiwa. Daktari akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Tumbaku hubana mishipa midogo ya damu na kuinyamazisha fizi. Mvutaji anaweza kupoteza nusu ya mfupa wake na mswaki ukabaki mweupe. Akiacha, ufizi unapata damu yake tena na unaanza kulalamika juu ya mambo ya zamani. "Ugonjwa ulikuwapo, fundi. Umeuondolea kitambaa mdomoni, ndiyo maana unausikia."

Nyumbani tulikolelewa, fizi yoyote inayotoka damu ni kiseyeye, na dawa yake ni maji ya chumvi na ndimu. Jina hilo vitabu vya afya vimelipa ugonjwa mmoja tu, wa kukosa vitamini C, na pwani hii inaujua kwa hisani ya wageni: mabaharia wa Vasco da Gama walipotua Malindi Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi huku fizi zimewavimba hadi kufunika meno, kitu walichokitamani kuliko vyote kilikuwa machungwa. Katika mkoa wenye machungwa ya Muheza, kiseyeye cha namna hiyo si mtu wa kumshuku kwanza. Neno limebaki kwa kila damu, na kila damu ikabaki na ndimu. Daktari hamkosoi mgonjwa anayelitumia. Akiambiwa "nina kiseyeye" anaandika tu: damu, tangu lini, wakati gani.

Kisha akaichukua probu.

Ni kijiti cha chuma chenye mkono, na mbele yake kimekunjwa kama kiwiko kikaishia kwa ncha nyembamba isiyochoma. Kwenye ncha hiyo pamechorwa milimita. Yake ilikuwa na mkanda mweusi kila baada ya tano, hadi kumi na tano. Zipo za namna nyingine. Charles Williams wa Kanada alitoa yake mwaka 1936, yenye alama za 1, 2, 3, 5, 7, 8, 9 na 10; aliziruka 4 na 6 ili jicho lisichanganye mistari iliyobanana. Shirika la Afya Duniani lina yake pia, yenye kitone cha duara cha nusu milimita nchani na mkanda mweusi mmoja kati ya 3.5 na 5.5, ya kupimia umati wa watu bila kupoteza muda. Katika karne ya vipimo vya vinasaba na picha za kompyuta, ugonjwa huu bado unatambuliwa kwa rula.

Kila jino, hata la mtu mzima wa afya, limezungukwa na mfereji mdogo kati yake na ufizi, wenye kina cha milimita moja hadi tatu. Ukoga ukikaa ukingoni siku nyingi, ufizi unavimba. Hapo mambo bado yanarudi nyuma. Harald Løe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walilionyesha hilo mwaka 1965 kwa njia ambayo hata bibi yangu angeielewa: watu 12 wenye fizi safi waliacha kusafisha meno, na kati ya siku ya 10 na ya 21 wote wakawa na uvimbe, wakarudia mswaki, na katika muda wa kama wiki moja uvimbe ukaondoka. Lakini kwa baadhi ya watu uvimbe unashuka chini. Nyuzi zinazoufunga ufizi na jino zinakatika, mfupa unayeyuka, mfereji unageuka kuwa mfuko. Hicho hakirudi kwa mswaki. Kujua mtu amesimama upande upi wa mpaka huo ndiyo kazi yote, na mpaka wenyewe uko gizani, chini ya ufizi, ambako jicho haliingii.

Kwa hiyo mkono ndio unaoona. Ncha inasukumwa kwa uzito wa gramu 20 hadi 25, kama nusu ya yai la kuku wa kienyeji. Pungufu ya hapo haifiki chini. Zaidi ya hapo inatoboa na kudanganya. Mwanafunzi hufundishwa kwa kubonyeza mizani midogo mpaka isome 25, tena na tena, hadi kidole kikumbuke bila mizani. Au huambiwa aingize ncha chini ya ukucha wake wa gumba: ukiumia, umezidisha. Daktari aliichukua probu nyingine safi akaipitisha chini ya ukucha wangu. Nilihisi kama sisimizi anayegeuza njia.

Kidole chake cha pete kilikaa juu ya jino la jirani na hakikuondoka hapo. Fundi akikohoa, mkono wote ulikwenda na kichwa. Probu haikuchomwa na kutolewa, ikachomwa na kutolewa, kama nilivyodhani. Iliingia, ikagusa sakafu, ikapanda kidogo bila kutoka nje, ikashuka tena milimita moja mbele. Ilitembea. Ilizunguka jino lote kwa hatua hizo fupi, na katika hatua zote zilihesabiwa sita tu, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi, kila moja ikiwa ndiyo ndefu kuliko jirani zake. Kati ya jino na jino aliilaza kidogo ili ifike chini ya pale meno yanapogusana, maana ugonjwa hupenda kuanzia hapo. Anayeishika wima kabisa anaukosa. Anayeilaza mno anaukuza.

Fundi alikuwa na meno 29. Mara sita, 174.

Namba zilitoka moja baada ya nyingine, na kijana tabibu wa meno aliyekuwa akijifunza aliziandika huku akizirudia kwa sauti ya chini. Mdomo wamegawa robo nne, kuanzia juu kulia kwa mgonjwa, na kila jino linaitwa kwa robo yake na nafasi yake kutoka katikati. "Moja-saba. Tatu, mbili, nne. Moja-sita. Nne, tatu, sita. Moja-tano. Tatu, mbili, tatu." Ilisikika kama chuo cha Kurani mchana, mwalimu anatamka, mtoto anarudia. Sauti ya daktari haikupanda ilipofika sita wala kushuka ilipofika mbili. Mgonjwa anasikiliza, na baada ya jino la tatu tu anakuwa amekwisha elewa kwamba ndogo ni heri. Baadaye fundi aliniambia kwamba hilo ndilo lililomtuliza. Yeye akimpima mteja mnene humtajia mwanafunzi wake kiuno kwa sauti ileile anayotajia urefu wa mkono. Futikamba haimcheki mtu.

Mstari mmoja ukiisha, daktari anarudi mwanzo na kutazama tu. Damu haichuruziki papo hapo. Huchungulia baada ya sekunde kumi, ishirini, hata thelathini, kwa hiyo aliyepima na kukimbia hataiona. Mahali palipochungulia, kijana anaweka kitone chekundu. Nilidhani vitone vyekundu ndivyo ushahidi mzito. Kumbe ni kinyume. Niklaus Lang na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, waliona kwamba mahali panapotoka damu mara nyingine hapaharibiki zaidi, lakini pale ambapo hapakutoka damu kila pakipimwa, pamekaa salama kwa karibu asilimia 98. Damu ni shahidi mwenye kelele. Kimya chake ndicho cha kuaminika. Isipokuwa kwa mvutaji, ambaye hata kimya chake kimenunuliwa. Fundi alikuwa katikati ya hali hizo mbili, na daktari alimwambia kijana aandike mwezi alioacha sigara juu kabisa ya karatasi.

Kwenye tatu-sita, gego la chini kushoto, gego lile la nyama, sauti ilisita.

"Nne," alisema. Kisha: "Ngoja."

Alirudisha probu, akasogea nusu milimita, akaigeuza kidogo, akasogea tena. Uso wake haukuwa unatazama chochote; alikuwa ametazama ukutani. "Saba."

Nilimuuliza baadaye alijuaje kwamba nne haikuwa nne. Alisema sakafu ya mfuko ina mnepo, kama kubonyeza shavu kwa ndani. Ile aliyoigusa ilikuwa ngumu. Ukoga ukiachwa huganda kwa madini ukawa ugaga, na ugaga wa ndani ya mfuko, mweusi, mgumu, wakati mwingine hukaa kama rafu. Probu ikigonga rafu inasimama. Mwenye haraka anasoma nne, anaandika nne, mgonjwa anakwenda nyumbani na nne yake. Kumbe chini ya rafu kuna milimita tatu nyingine. Dakika zangu arobaini nilianza kuziona zilikokwenda: zilikwenda katika kutoamini kituo cha kwanza.

Na hata saba yenyewe haiaminiwi mpaka mwisho. Watafiti walioitazama ncha ya probu kwa hadubini, miaka ya sabini na themanini, waligundua kwamba haisimami kila mara pale mfuko unapoishia. Ufizi ukiwa umevimba, nyuzi zake ni laini, ncha inapita mpaka ndani ya nyama; ufizi ukiwa imara, inazuiliwa mapema. Namba ni kina pamoja na ulegevu. Fundi, aliposikia hivyo, alisema ni kama kupima kitambaa kinachovutika: inategemea umeshika wapi na umevuta kiasi gani. Nadhani hakuna profesa angelisema vizuri zaidi.

Tena ukingo wa ufizi nao unahama. Ufizi ukiwa umeshuka milimita nne na kuacha mzizi wazi, mfuko wa milimita tatu tu unaonekana mdogo, lakini jino limepoteza saba. Ndiyo maana watu husema meno yao yamekuwa marefu. Hivyo pale ambapo mzizi umechungulia, daktari hupima mara ya pili, akianzia mahali pasipohama, kwenye shingo ya jino ambapo enameli inaishia na mzizi unaanza. Pakiwa chini ya ufizi, pia hapaonekani. Ncha inapapasa mpaka ikwaruze pale, kama ukucha unavyokwaruza ukipita juu ya mshono. Katika shughuli yote hapo ndipo nilipopotea kabisa. Nilitazama kwa karibu, mara tatu, na sikuona chochote isipokuwa mkono uliotulia.

Kuna namba zinazotisha kwa upweke wake. Jino likiwa na mbili na tatu pande zote, halafu mahali pamoja pembamba panazama hadi tisa, hapo daktari huacha kufikiria fizi, akaanza kufikiria mzizi uliopasuka au jino lililokufa ndani. Hupima kwa baridi kama jino bado lina uhai. Ugonjwa wa fizi hupanuka kama beseni. Shimo la kisima lina sababu nyingine. Fundi hakuwa nalo.

Alikuwa na panda. Magego ya chini yana mizizi miwili, na mfupa ukishuka vya kutosha, mahali mizizi inapoachana hubaki wazi. Kwa hapo kuna probu nyingine, iliyopinda kama sindano ya kushonea magunia. Iliingia kidogo kutoka upande wa shavu, ikakwama. Panda ya daraja la kwanza, akasema, na kijana akachora pembetatu. Kulegea kwa meno alikupima kwa mikono ya vyombo viwili, kimoja kila upande wa jino, kwa sababu nyama ya kidole inanepa na itakuambia jino linacheza kumbe ni kidole. Meno mawili ya mwanya yalicheza, chini ya milimita moja.

Picha ya eksirei ilikuja mwisho, na nilipenda hilo. Wengi huanza nayo, maana picha inaonekana kama ukweli. Lakini mfupa hupoteza kiasi kikubwa cha madini, kati ya asilimia 30 na 50, kabla jicho halijaona tofauti kwenye picha. Na ugonjwa uliotulia miaka kumi iliyopita una sura ileile na unaoendelea leo. Picha inasema nini kilitokea. Ilionyesha ukingo wa mfupa wa fundi umeshuka mahali pengi, na kwenye tatu-sita umeshuka kwa mshazari, karibu asilimia 45 ya urefu wa mzizi.

Sasa jina. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Chicago kuyapanga upya magonjwa haya, na utaratibu wao ukachapishwa mwaka uliofuata. Una maswali mawili: umepotea kiasi gani, hatua ya kwanza hadi ya nne, na unakwenda kasi gani, A hadi C. Kasi ndiyo iliyonishangaza kwa wepesi wake. Unachukua asilimia ya mfupa uliopotea kwenye jino lililoharibika zaidi, unagawanya kwa umri. Arobaini na tano kwa hamsini na mbili ni 0.87. Chini ya robo ni A, zaidi ya moja ni C, katikati ni B. Sigara kumi au zaidi kwa siku, au sukari isiyodhibitiwa, vinaipandisha hadi C.

Hesabu hiyo ina historia ndefu nyuma yake. Kati ya 1970 na 1985 timu ya Løe iliwafuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka, watu wasiotumia mswaki kabisa, wote wakiwa na ukoga na ugaga. Asilimia 8 waliharibika haraka, 81 polepole, na 11 hawakuvuka uvimbe wa juujuu miaka yote ya utafiti. Huku kwetu, Vibeke Baelum na wenzake walipima watu 1,131 wilayani Machakos, wakachapisha matokeo mwaka 1988: uchafu wa meno ulikuwa wa kila mtu, uharibifu mkubwa ulikuwa wa wachache. Kabla ya hapo iliaminika kirahisi kwamba Waafrika, kwa kuwa meno yao yana ugaga, wote wanaelekea kung'oka meno. Ndiyo sababu hakuna njia ya mkato ya kumtazama mtu ukasema. Ugaga hausemi. Inabidi upite 174.

Kwenye hatua, daktari alikaa na kalamu hewani. Mfuko wa saba na mfupa ule ni hatua ya tatu. Lakini meno yaliyohama ni alama mojawapo ya hatua ya nne. Alimwambia fundi aume meno, afungue, aume tena. Aliyatazama yanavyokutana. Yanakutana vizuri, fundi anatafuna, ni mwanya mmoja. Aliandika tatu, B, na pembeni akaandika neno "mwanya" na alama ya kuuliza. Ile alama ya kuuliza niliithamini kuliko tarakimu zote za karatasi ile.

Alimweleza mgonjwa kwa maneno machache.

"Wewe unashona mifuko. Mfuko wa shati ukijaa vumbi la nyuzi unautoaje?"

"Naupindua nje, mama."

"Huu haupinduliki. Na nywele za mswaki zinaishia mlangoni."

Fundi alinyamaza, akapitisha ulimi kwenye gego. Kisha akauliza kama mwanya utafunga. Hakuahidiwa. Akasema basi uachwe, mke wangu ameshauzoea.

Alisafishwa ndani ya mifuko kwa siku mbili tofauti, na miezi mitatu baadaye nilirudi Tanga siku aliyopangiwa kupimwa upya. Mambo yalifuata mfuatano uleule: mate, hewa, ukingo, kidole cha pete juu ya jino la jirani. Paketi ya dawa ya presha ilikuwa mezani. "Moja-saba. Tatu, mbili, tatu. Moja-sita. Tatu, tatu, nne." Vitone vyekundu vilikuwa vichache kiasi kwamba kijana alibaki ameshika kalamu nyekundu bila kazi. Walizunguka juu, wakashuka chini kushoto.

"Tatu-sita," alisema daktari, na macho yakaenda ukutani. Probu ilishuka, ikapanda, ikashuka. Akaigeuza kama ile siku ya rafu. "Tano."

Mdomo ukiwa wazi fundi hakuweza kusema. Aliinua vidole viwili hewani, hesabu ya kilichopungua.

"Nimeviona," akasema daktari. "Usitikise kichwa. Tatu-saba."